Kabla ya Filamu za Mbali
Jioni umeme ukiwepo na kifurushi cha intaneti kikiruhusu, tangulizeni nyumbani filamu za Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani aliyezaliwa 1984. Anzeni na «Examen d'État» ya 2014, iliyopigwa papa hapa Kisangani: wanafunzi wanafukuzwa darasani kwa kukosa pesa za kuwalipa walimu, kisha wanajikusanya katika nyumba moja kujiandaa kwa mtihani wa taifa. Mzazi yeyote wa mkoa wetu wa Tshopo ataitambua hadithi hiyo. «Maman Colonelle» ya 2017 inamfuata kanali wa polisi, Honorine Munyole, akihamishwa kutoka Bukavu kuja kwetu kuwalinda wanawake na watoto. Lakini inayonishika zaidi ni «En route pour le milliard» ya 2020. Majeruhi wa Vita ya Siku Sita, iliyopiganwa mjini humu na majeshi ya Rwanda na Uganda mnamo Juni 2000, wengine bila miguu, wengine bila mikono, wanapanda boti na kuteremka mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia. Mvua inawapiga, turubai linavuja, na bado wanabishana, wanaimba, wanacheka. Hamadi hawaoneshi kama watu wa kuhurumiwa. Anawaonesha kama raia wenye madai. Vijana waliozaliwa baada ya mabomu ya vita hiyo wanahitaji kuiona. Wazazi, itazameni pamoja nao, na wakiuliza mlikuwa wapi siku zile, wajibuni.