"Pwani si Kenya" na Hati za Ardhi

Jumapili moja baada ya ibada, hapa Malindi, kijana alitusimamisha mlangoni mwa kanisa akauliza: "Wakili, ikiwa Pwani ni Kenya, mbona shamba alimozikwa babu yangu lina hati ya mtu tusiyepata kumwona?" Tahariri hii ni deni letu kwake.

Utaifa umepamba moto duniani. Yugoslavia ilianza kuvunjika mwaka 1991, mwaka uleule kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba yetu. Waingereza nao walipiga kura mwaka 2016 kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Wengi huuzungumzia utaifa kama homa moja kwa wagonjwa wote. Sisi twaona heri kwanza mgonjwa aulizwe anaumwa wapi.

Kwetu maumivu yana tarehe. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza utawala wa ukanda wa maili 10. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati: kila mwenye dai ukandani alithibitishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Wamijikenda, waliomiliki kwa ukoo wala si kwa karatasi, wakajikuta wageni makwao. Mekatilili wa Menza alipowakataza Wagiriama kuwatumikia wakoloni, alihamishwa hadi Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Na mwaka 1914 Kaya Fungo ikabomolewa kwa baruti. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana ukanda uwe sehemu ya Kenya. Hati za zamani zikabaki na nguvu zake, na waliolima ardhi ile wakaendelea kuitwa maskwota.

Basi liliposikika neno "Pwani si Kenya", hatukushangaa. Serikali ilipiga marufuku Baraza la Mombasa Republican mwaka 2010. Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Tuliifurahia hukumu ile, ingawa kujitenga hatukuungi mkono. Sisi tulioambiwa kwamba vyama vingi vitazua ukabila twajua ladha ya kuzibwa kinywa.

Lakini tusijidanganye. Agosti 1997 vijana walivamia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawageukia watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na wengi wakakimbilia kanisani. Muuza mboga aliyechomewa kibanda chake hakuwa na hati ya ekari hata moja ya Kilifi. Wenye hati walilala salama.

Wapo pia wanaoipanda hoja hii kama ngazi. Novemba 2017 magavana wa Mombasa na Kilifi, Hassan Joho na Amason Kingi, walitangaza kwamba wataitafutia Pwani njia ya kujitenga. Mwaka 2022 Bwana Kingi akawa Spika wa Seneti ya Kenya hiihii. Cheo hatumwonei wivu. Twauliza tu hoja ile ilikwenda wapi.

Kuna jambo linalotuuma zaidi, kwa kuwa ni kosa letu pia. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria. Sheria ya 2016 ikaweka muda wa miaka 5 wa kuwasilisha madai, nao ukaisha mwaka 2021. Kila Jumapili makanisa yetu yalitangaza harambee. Hili ni wangapi walilitangaza? Nasi mawakili tulikuwa wapi? Kijana yule alipotuuliza, muda huo ulikuwa umekwisha kupita.

Hata hivyo, ushahidi haungoji Bunge. Twaomba kila kanisa, kuanzia Mambrui hadi Mtwapa, liteue watu wawili wenye mwandiko mzuri, wawaendee wazee wangali hai, waandike nani amezikwa wapi, mwembe upi ulipandwa na nani, na mpaka ulipita wapi. Maimamu na wazee wa kaya waalikwe pia, kwani makaburi yao yamo katika mashamba hayohayo.