Ngome i Mlangoni, Somo li Kitabuni

Juzi nilimuuliza kijana wa Mji wa Kale, Mombasa, Ngome ya Yesu ilianza kujengwa lini. Akajibu pale pale: 1593. Je, umepata kuingia ndani? Akacheka. Kutoka kwao ni mwendo wa dakika tano.

Kitabu kitamwambia kuwa Waarabu wa Omani waliizingira ngome tangu 1696 hadi 1698, basi. Lakini humo makumbushoni mna vyombo vilivyopatikana chini ya bahari katika Santo Antonio de Tanna, manowari ya Wareno iliyokuja kuwasaidia waliozingirwa, ikazama mbele ya ngome 1697. Mtoto akiviona, atauliza mwenyewe: hao waliomo ndani wakila nini? Maji je? Hapo mwalimu na amwonyeshe birika la kukingia maji ya mvua.

Safari za shule zipo, najua. Watoto hupigwa picha juu ya mizinga wakarudi. Hayo ni matembezi. Ombi langu kwa walimu, na wa madrasa pia (kule Gedi kuna kaburi lenye tarehe ya Hijria 802), ni kuwa watangulie siku moja kabla, wachague kitu kimoja tu, waandike maswali matatu.