Kariakoo: jina la babu yako limeandikwa wapi?

Wadau, kila mwaka dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, vijana ndiyo wanakumbuka kwamba wazazi wao nao wana majina. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, na kama mzazi ametangulia mbele ya haki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Hapo sasa ndipo shughuli inapoanza. Jina la baba kwenye cheti ni mawili, kwenye kitambulisho cha NIDA ni matatu, na kwenye kadi ya chama ya mwaka 1978 ni jina ambalo hata mama halijui vizuri.

Wengi tunadhani huo ni uzembe wa makarani. Sawa, makarani wana yao, lakini tatizo lenyewe ni la ndani zaidi. Mswahili hana jina la ukoo kama Mzungu anavyolielewa. Tuseme wewe ni Juma Salum Ramadhani. Baba yako ni Salum Ramadhani Mwinyi, na mwanao ataitwa Abdallah Juma Salum. Sasa mlinganishe Abdallah na baba wa Ramadhani: hawana jina hata moja la pamoja, na ni damu moja! Ukienda kwenye tovuti kubwa za kutafuta ukoo, kama ile ya FamilySearch ambayo haina malipo, kuna mahali pa kujaza jina la ukoo. Utajaza nini? Ukiandika Salum utaletewa watu kutoka Malaysia mpaka Sudan.

Lakini hebu geuza upande wa pili. Majina matatu ni ukoo mdogo kamili. Ukipata karatasi moja tu ya mwaka 1950 ya mzee aliyekuwa na miaka 40, umepata jina lake, la baba yake na la babu yake, na huyo babu huenda alizaliwa kabla Mjerumani hajatia mguu Dar. Karatasi moja, vizazi vitatu. Mzungu akipata karatasi ya namna hiyo anapata mtu mmoja na jina la ukoo ambalo tayari alikuwa nalo.

Kwa hiyo swali ni karatasi ziko wapi. Kama unategemea cheti cha kuzaliwa cha babu, pole sana. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya tangu 1920, lakini kwa muda mrefu wa ukoloni Mwafrika hakulazimika kuandikisha mtoto wake, waliolazimishwa ni wengine. Hata baada ya uhuru mambo yalikwenda kwa kusuasua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulikuta watoto walioandikishwa, wale wa chini ya miaka mitano, ni asilimia 16 tu. Ndiyo maana 2013 serikali ilianza Mbeya mpango wa kuandikisha watoto kwa kutumia simu za mkononi. Kama mtoto wa 2010 hajaandikwa, wa 1935 utamkuta daftari gani?

Utamkuta kwingine. Serikali ya mkoloni haikujali umezaliwa lini, ilijali umelipa kodi, umekaa kiwanja gani na umeshtakiwa kwa nini. Na hapa Kariakoo ndipo penye utajiri, kwa sababu mitaa yetu hii iliyonyooka kama daftari la hesabu ilichorwa kwa makusudi. Wajerumani mwishoni mwa utawala wao waliugawa mji kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na huku Uswahilini, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka. Kila nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ilisimama kwenye kiwanja chenye namba, na namba ina faili. Ndani ya faili utaona nani alipewa, nani alilipa pango la ardhi, aliuziwa nani, alirithi nani. Wanaotafuta wazee wao Kariakoo waanze na namba ya kiwanja kabla ya jina. Watu walibadilisha majina, kiwanja hakikuhama.

Faili za zamani za utawala, za Mjerumani na za Mwingereza, zinatunzwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kwa miaka mingi wasomaji wameifuata pale mtaa wa Vijibweni, Upanga. Ni mwendo wa mguu tu kutoka Msimbazi. Kwa kawaida nyaraka za serikali zinafunguliwa zikishafikisha miaka 30, na sheria inayosimamia ni ya 2002. Kwa wenzetu wa Uhindini kuna ngazi nyingine: Aprili 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kwenda kwa Msajili wa Majumba, halafu 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi za Kihindi zilizoko Uingereza na Canada zinaweza kufuata njia hiyo hiyo.

Upande wa dini, Wakristo wana nafuu. Daftari la ubatizo lina tarehe, wazazi na msimamizi, na kwa Wakatoliki hata ndoa huongezwa pembeni baadaye. Kariakoo ya zamani lakini ilikuwa ya Waislamu wengi, na ndoa ya chuoni ilishuhudiwa na watu zaidi kuliko wino. Msikiti una orodha ya nani alikuwa imamu na nani alichangia bati, ya nani alizaliwa hauna.

Halafu kuna akina bibi. Hili linaniuma. Kwenye majina matatu bibi hayupo kabisa! Baba, babu, basi. Wakati wenye nyumba wa Kariakoo wengi walikuwa wanawake, wengine waliachika, wakauza vitumbua, wakajenga. Mtafiti Susan Geiger alipokusanya maisha ya wanawake wa TANU, kitabu kikatoka 1997, alilazimika kukaa nao na kuwasikiliza, Bibi Titi Mohamed akiwa mmoja wao. Vikundi vya lelemama vilikuwa na viongozi na vyeo. Kwa hiyo ukimtafuta bibi, mtafute kwenye ngoma yake na kwenye faili la nyumba, maana kwenye jina lako hayumo.

Mfano wa kwamba inawezekana tunao hapa hapa. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association ya 1929, aliandika mwenyewe habari za maisha yake kabla ya kufariki 1949. Mjukuu wake Daisy akaitumia kuandika sura katika kitabu alichohariri John Iliffe, kikachapwa 1973. Kutokana na hapo tunajua baba wa Kleist, Sykes Mbuwane, alitoka Msumbiji kuja na jeshi la Wissmann. Baadaye Mohamed Said akapekua nyaraka za familia hiyo, akaandika kitabu cha Abdulwahid Sykes kilichotoka 1998, na historia ya TANU tuliyofundishwa shuleni ikaanza kubishaniwa mpaka leo. Kumbuka chanzo chake ni makaratasi yaliyokuwa nyumbani kwa watu. Yangetupwa jalalani siku ya kuhama, ubishi wote huu usingekuwepo.

Na ndiyo hofu yangu sasa hivi. Nyumba za vyumba sita zinaisha. Warithi wanakubaliana na mwenye hela, wiki ya pili kuta ziko chini, ya tatu nguzo za ghorofa zinapanda. Sanduku la marehemu lenye stakabadhi za kodi, barua ya kazi bandarini na picha zilizoandikwa nyuma kwa penseli linakwenda na kifusi. Halafu miaka mitano baadaye anatokea mtoto wa mke mdogo kutoka Kilwa anadai naye ni mrithi, na hakuna karatasi ya kumkubali wala ya kumkataa. Kesi inakwenda Temeke, kwenye kituo cha Mahakama cha masuala ya familia kilichoanza 2021, na wanaanza kuulizana nani alimzaa nani. Muhtasari wa kikao cha ukoo umeandikwa juzi na wale wale wanaogombana. Hebu fikiria.

Kuna mambo pia wazee hawasemi kwa makusudi. Wapo waliofika pwani wakiwa watumwa, na mjini wakajipatia kabila jipya na jina jipya. Zanzibar utumwa ulifutwa kisheria 1897, na Nyaraka za Taifa pale Kilimani wana kumbukumbu za watumwa waliopata uhuru. Ukienda huko ujiandae, unaweza kukuta kile ambacho bibi alikikwepa miaka 60. Mimi nasema bora kujua, ila usiende kukitangaza msibani.

Kubwa kuliko yote ni jina la mahali penyewe. Waingereza walipoiteka Dar Septemba 1916 waliweka hapa kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, sisi tukaita Kariakoo. Wale watu wako wapi? Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Sanamu ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa 1927, haina jina la mpagazi hata mmoja. Mtaa mzima wa biashara unaitwa kwa watu wasio na majina, na wajukuu zao wanauza vitenge juu yake bila kujua.

Serikali ikitaka inaweza kutengeneza faharasa tu ya faili za viwanja na mirathi za kabla ya 1960, majina na namba, siyo kila ukurasa. Kwa gharama ya semina mbili za hotelini, nadhani. Wakati tunasubiri, mwenye bibi hai akamwulize wikiendi hii, asimwulize mwaka, amwulize ilikuwa kabla au baada ya vita ya Hitler, kabla au baada ya uhuru, na jirani alikuwa nani. Piga picha karatasi mbele na nyuma. Za watu walio hai usizimwage mtandaoni, matapeli wanazisubiri. Na mwenye stakabadhi ya zamani ya nyumba ya Narung'ombe, Sikukuu, Congo, kokote Kariakoo, atuambie hapo chini imeandikwa majina mangapi, mawili au matatu.