Moshi wa Injini ya Mashua na Maana Yake

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya ugonjwa wa injini ya dizeli ni moshi. Walakini wako wenye vyombo ambao, waonapo moshi, hukimbilia kununua nozeli mpya, kumbe kosa lote ni kamba ya wavu iliyozinga rafadha. Wengine hawajali kabisa, hata injini ikazimika katika Mkondo wa Pemba, ambako maji huchukua chombo kuelekea kaskazini. Wale wa kwanza hupoteza fedha. Hawa wa pili waweza kupoteza roho za watu.

Injini hii, ambayo ya kwanza kufanya kazi barabara ilionyeshwa na Mjerumani Rudolf Diesel mwaka 1897, haina cheche ya umeme ya kuwasha mafuta. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka joto lake likapita digrii 500 za sentigredi, ndipo nozeli hunyunyiza mafuta mfano wa umande, nayo yakawaka yenyewe. Basi yatakiwa hewa ya kutosha, joto la kutosha, na mafuta yaliyonyunyizwa vizuri. Kimoja kikipunguka, moshi huonekana.

Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa, nayo hayakuungua yote. Kwanza litazamwe chujio la hewa, na pia matundu ya sanduku la injini, kwani mara nyingi huzibwa kwa magunia na nyavu. Pili yatazamwe mambo ya chini ya maji. Chombo kilichoota mwani na magamba ni kizito kukisukuma, na injini hulazimika kula mafuta kupita kiasi. Dawa yake ni kukipandisha pwani na kukikwangua, wala si kununua vyuma. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo nozeli zipelekwe kwa fundi kupimwa.

Moshi wa rangi ya samawati, wenye harufu ya oili iliyoungua, ni ishara kwamba oili yaingia ndani ya silinda. Kwanza kipimwe kimo cha oili, kwani huenda imetiwa kupita alama. Kama haikuzidi, nayo hupungua kila safari, basi yawezekana ringi za pistoni au valvu zimelika. Kuongeza oili kila siku hakuponyi ugonjwa huo.

Moshi mweupe una asili mbili, na yafaa kuzipambanua. Ukielea juu ya maji kwa muda, unawasha macho, na kuacha mng'ao wa mafuta baharini, hayo ni mafuta yasiyowaka. Injini ikiwa baridi asubuhi, hilo si ajabu. Lakini moshi usipokoma injini ikiisha pata moto, fundi na aitwe. Ukitoweka upesi hewani, huo ni mvuke wa maji. Katika injini ambayo maji ya bahari hutoka pamoja na moshi, mvuke kidogo wakati wa baridi hauna neno. Bali mvuke ukizidi ghafula na maji yanayotoka yakipunguka, injini na izimwe mara moja: huenda tundu la maji limezibwa na takataka, au kigurudumu cha mpira kilicho ndani ya pampu kimekatika.

Hatari zaidi ni oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa, maana ni dalili ya maji kuchanganyika nayo. Injini kama hiyo isiwashwe tena mpaka fundi aikague. Maji hayabaniki kama hewa. Yakijaa ndani ya silinda, yaweza kuupinda mkono wa pistoni.

Mwenye chombo mwenye busara huandika katika daftari rangi ya moshi, na kama ulitoka wakati wa kuwasha, wakati wa mzigo mzito, au muda wote. Maneno hayo machache humwokolea fundi saa nyingi za kubahatisha. Mkulima mwenye trekta ya dizeli naye aweza kufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba trekta ikizimika, dereva wake hurudi nyumbani kwa miguu.