Kontena za programu: Uanze na ulinzi upi kabla ya kutoa hela?

DODOMA: Pale Zuzu, kwenye kituo cha kupoza umeme kinacholisha Jiji la Dodoma, kanuni ni moja: laini ikipata hitilafu, ikatwe hiyo peke yake, mji usizimike wote.

Kwenye programu za kompyuta, wengi wanaisahau kanuni hiyo.

Siku hizi programu nyingi hufungwa kwenye "kontena", yaani kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili ifanye kazi. Docker (2013) na Kubernetes (2014) ndizo zilizoeneza mtindo huu.

Shida ni hii: kwa kawaida, kontena zilizo kwenye seva moja hutumia kiini kimoja cha mfumo endeshi. Januari 2024 ilitangazwa dosari kwenye runc, programu inayowasha kontena hizo. Mshambuliaji aliweza kutoka ndani ya kontena na kufikia mafaili ya seva yenyewe. Ikitoboka moja, majirani nao wako hatarini.

Kwa Dodoma, yaliko makao ya Serikali, hili si la mafundi peke yao. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Anayekusanya namba ya NIDA au ya simu yako anawajibika kuilinda.

Sasa achague nini?

Mipaka. Kontena isiendeshwe kwa mamlaka yote ya seva, na isiongee na kontena isiyoihusu. Hapa hununui kitu, ni kupanga tu.

Mkaguzi. Trivy hukagua kifurushi kabla hakijaenda hewani na kutaja dosari zinazojulikana. Ni ya bure. Ila ukikagua kifurushi tu, dosari kama ile ya runc huioni, maana yenyewe inakaa kwenye seva. Seva nayo lazima isasishwe.

Mlinzi wa zamu. Falco, nayo ya bure, huangalia kontena ikiwa kazini na kupiga kengele ikifanya jambo la ajabu. Lakini inatoa taarifa tu. Asipokuwepo wa kuisoma saa nane usiku, ni kelele za bure.

Na hakuna kifaa kinachotibu kila ugonjwa. Julai 2023, eCitizen ya Kenya iliyumba baada ya kufurikiwa na maombi bandia. Mkaguzi wa vifurushi asingezuia hilo, kazi yake ni nyingine.

Kwa timu ya watu wawili watatu, mpangilio wenye akili ni huu: mipaka kwanza, mkaguzi pili, na mlinzi pale anapopatikana mtu wa kumsikiliza. Vifaa vya kulipia vije baadaye, kujaza pengo linalojulikana.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: kontena moja ikivamiwa usiku huu, nini kitaikata isiambukize nyingine? Akianza kuzungukazunguka, usitoe hela kwanza.