Ng'ambo Haimo Kwenye Ratiba

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, kanitumia ratiba ya meli. Anaishi Uingereza, anakaribia miaka hamsini, na zawadi aliyojipa ni safari ya meli ya kitalii: ndege kutoka London hadi Cape Town, meli hadi Mombasa, kisha ndege ya kurudi. Katikati ipo siku moja ya Unguja. Meli inafunga gati Malindi saa mbili asubuhi, inaondoka saa kumi na moja jioni. Anauliza: "Mdogo wangu, nichague matembezi gani?"

Nikaisoma orodha. Mji Mkongwe kwa miguu. Mashamba ya viungo. Changuu kwenye kobe. Jozani kwenye kima punju. Nikaisoma tena nikitafuta Michenzani, alikozaliwa na kusoma mpaka darasa la nne. Haimo. Ng'ambo nzima haimo.

Sina ugomvi na watalii. Mtu kalipia tiketi yake, kachoka na ndege, anataka kuona kitu. Ugomvi wangu ni na anayeamua kitu gani kionekane. Kanuni ya meli hizi ni moja: ukitoka na matembezi yao mkachelewa, meli inawasubiri, ukitoka peke yako ukachelewa, shauri yako. Basi abiria wengi hununua cha melini, si kwa uzuri wake, bali kwa hofu ya kuachwa. Hofu hiyo ndiyo inayouandika mji wetu. Na mji iliouandika unaishia Darajani.

Ukivuka Darajani kuna nini? Kuna watu. Kuna magorofa marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Kuna maskani ya Kisonge na ubao wake, ambao wengine wanausoma kwa kucheka na wengine kwa kusaga meno. Mji Mkongwe uliingia urithi wa dunia mwaka 2000, na unastahiki. Lakini mji si kuta za mawe tu. Waliopakia na kupakua mizigo ya mji ule, wengi wao walilala upande huu.

Sisi wapenzi wa vitabu tunalijua hilo, kwa sababu Adam Shafi alishatuandikia. Kuli, riwaya yake ya 1979, inamfuata Rashidi, mchukuzi wa bandarini, hadi kwenye mgomo wa 1948. Bandari yenyewe ni hiyo hiyo ya Malindi. Mgeni anaikanyaga ardhi ya riwaya nzima halafu anapelekwa kunusa karafuu! Mwaka huo huo wa 1948 ndio aliozaliwa Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa 2021. Lakini mara zote nilizowafuata waongozaji nikiwa kazini, jina nililolisikia likitajwa ni la Freddie Mercury.

Najua nitakavyojibiwa. Ati unataka mabasi ya watalii yasimame Michenzani wapige picha nguo zetu zilizoanikwa? La hasha. Umaskini wa mtu si maonyesho. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho: sentensi mbili za ziada mdomoni mwa mwongozaji, na Kuli au Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Gurnah, mezani pamoja na vinyago na vikoi.

Na kabla hatujawalaumu wenye meli, tujiulize sisi. Nani kati yetu amekaa na mwongozaji mmoja akampa kitabu? Tunaandika makala, tunasifiana, tunalala. Yule kijana mwenye kitambulisho shingoni anazungumza na wageni wengi kwa msimu mmoja kuliko wasomaji tutakaowapata maisha yetu yote. Yeye ndiye mchapishaji wetu mkubwa, na mikononi hatujamtia hata ukurasa.

Dada nimemjibu jana. Asinunue chochote. Nitamngoja nje ya geti la bandari, tupite Darajani, tufike Michenzani kwa miguu. Haifiki nusu saa. Kaandika: "Nikichelewa meli ikaniacha je?"

Nikamwambia, ikuache. Kwani wewe hapa ni mgeni, utakosa pa kulala?