Tuache kuiita "Dola Huru ya Kongo"

Nawaomba wahariri na waandishi wa vitabu vya historia waache kuandika "Dola Huru ya Kongo", tafsiri ya "Congo Free State" ya Kiingereza. Nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Kisangani, komini ya Makiso, na kila tukifika kwenye neno "free" najikuta nabishana na jina hilo. Wanafunzi wamekwisha kulisoma mahali, wakaliamini.

Neno lenyewe lina mitego. Kifaransa kina "libre" na "gratuit". Sisi tuna huru na bure. Mwingereza hutumia moja kwa yote mawili, na zaidi. Mwenye toleka, teksi ya baiskeli, asiye na abiria ni "free". Mfungwa aliyeachiwa ni "free". Mwaka jana msichana mmoja aliandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba samaki ni "free". Nusu ya darasa wakaelewa kwamba samaki ameponyoka kwenye mtego wa Wagenia, ile mitego ya fito inayoning'inizwa kwenye maji ya kasi pale maporomokoni. Nusu nyingine wakadai kwamba samaki anagawiwa bila hela. Wote walikuwa sahihi, na msichana mwenyewe ndiye aliyetuambia alikusudia nini.

Basi tuulize walioiita dola ile "free" walikusudia nini.

Mkutano wa Berlin ulimalizika Februari 1885, na kifungu cha kwanza kabisa cha mkataba wake kiliahidi uhuru kamili wa biashara kwa mataifa yote katika bonde la mto Kongo. Uhuru ulioahidiwa hapo ulikuwa wa mfanyabiashara na shehena yake. Hata huo Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji na mwenye dola ile, hakuuheshimu: ardhi aliyoiita tupu akaifanya mali ya dola, kisha mpira na pembe za ndovu navyo vikawa vyake na vya makampuni aliyoyachagua.

Kuna atakayenijibu kwamba jina rasmi la Kifaransa lilisema "indépendant", na kwamba hilo nalo tunalitafsiri huru. Sawa. Lakini huru kutoka kwa nani? Dola ile haikuwa chini ya bunge la Ubelgiji. Ilikuwa ya mtu mmoja, ambaye hakuwahi hata kukanyaga Kongo. Aliyekuwa huru ni yeye.

Kwetu hapa mambo yalikuwa wazi zaidi. Mwaka 1887, Stanley alipokuwa Zanzibar kwa niaba ya mfalme, walikubaliana na Tippu Tip awe gavana wa Stanley Falls, yaani mji huu huu. Dola iliyojinadi Ulaya kwamba inapiga vita biashara ya watumwa ikamkabidhi kituo chetu mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Wafuasi wake walipenda kujiita waungwana, watu wasio watumwa, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Kutoka kwao Kiswahili chetu kikaitwa Kingwana. Naliheshimu jina hilo kuliko la Leopold, maana waliolibeba walikuwa wanajidai heshima waliyonyimwa.

Maana ya pili ya "free", yaani bure, ndiyo iliyotuhusu zaidi, na aliyeiona ni karani. E. D. Morel, mwajiriwa wa kampuni ya meli ya Elder Dempster, alitazama bandarini Antwerp meli zikishusha mpira na pembe. Zilipogeuza kurudi Kongo zilibeba bunduki na risasi kwa wingi, na bidhaa za kuwalipa watu hazikuonekana. Akaelewa kwamba mpira ule ulichukuliwa bure. Kijiji kisichotimiza kiasi kilichotakiwa, askari wa Force Publique, jeshi la dola ile, waliwakamata wanawake na kuwafungia mpaka waume zao warudi msituni na mpira. Watu wengi walikufa hivyo, bure, kwa maana ile chungu ambayo Kiswahili kinaijua. Ubelgiji iliichukua nchi mkononi mwa mfalme Novemba 1908.

Mji huu una haki ya kulionea wivu neno huru. Desemba 1960, waziri mkuu wa kwanza Patrice Lumumba akiwa amekamatwa njiani akija huku Stanleyville, jina la zamani la mji huu, naibu wake Antoine Gizenga alisimamisha hapa serikali iliyokuja kujulikana kama Jamhuri Huru ya Kongo. Haikudumu mwaka. Lakini walioiita huru walikuwa Wakongo, na walijua wanataka kuwa huru kutoka kwa nani. Tukiwapa wao na Leopold sifa moja katika kitabu kimoja, mtoto wa darasa la sita atatofautishaje?

Anayehitaji jina rasmi aliandike kwa Kifaransa, mara moja, na mwaka wake: 1885 hadi 1908. Baada ya hapo aandike Dola ya Leopold. Mimi ndivyo ninavyoandika ubaoni, na mtihani wa mwisho wa mwaka huu utaandikwa hivyo hivyo.